Shirika lina mamilioni, mia yangu ya nini? Hoja ya "nani anawalipa", kuanzia Takaungu

Uzi mrefu leo, kaeni vizuri. Kanuni ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, tunashughulika na hoja peke yake.

Hoja yenyewe mmeisikia. Shirika la kijamii likitoa ripoti isiyompendeza mkubwa fulani, jibu la kwanza huwa haligusi ripoti. Huwa ni swali: nani anawalipa? Halafu shirika hilo hilo likiweka nambari ya M-Pesa mtandaoni na kuomba wananchi wachange hata shilingi mia, watu wale wale wanauliza: kwani mamilioni ya wazungu mmeyapeleka wapi mpaka mje kwa mama muuza viazi karai? Yaani likipokea za nje ni kibaraka, likiomba za ndani ni ombaomba.

Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimetoka Takaungu, na naona hili jambo linaeleweka vizuri zaidi ukianza na historia kuliko ukianza na hasira. Swali letu: shirika lililoshiba wafadhili wakubwa lina haja gani na mia yako? Jibu nalitoa mapema, wenye haraka wapate kwenda zao. Kwa hesabu ya pesa, mara nyingi halina haja kubwa. Kinachohitajika ni ile haki ya kuuliza inayokuja na mia. Na shirika likichukua mia bila kukupa hiyo haki, mwenzangu, nunua viazi karai.

Sasa tuje kwenye ushahidi, na tuanze nyumbani.

Takaungu iko kusini ya Kilifi. Ukitoka Kilifi ukavuka daraja kuelekea Mombasa, unakata kushoto unashuka mpaka baharini. Wamazrui walipoipoteza Mombasa kwa Mabusaidi mwaka 1837, wengine walikwenda Gasi na wengine wakaja kukaa huku. Mji ukanawiri kwa nafaka iliyopakiwa majahazini, na nafaka ile ililimwa na watumwa. Hilo la mwisho nalisema makusudi, manake tukianza kusifu wema wa matajiri wa zamani ni vizuri tujue mali ilitoka wapi.

Katika miji yetu ya pwani, mtu mwenye mali alikuwa akiweka wakfu. Shamba la minazi, nyumba, pengine kisima: anakitoa kwenye mali yake moja kwa moja, mapato yaende msikitini, madrasa au kwa maskini. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Msimamizi wake anaitwa mutawali. Ukiangalia kwa jicho la leo, huo ndio mfuko wa kudumu ambao vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vinajivunia, isipokuwa wetu una minazi.

Kwa nadharia, msikiti wenye wakfu mzuri hauna haja na chango la mtu yeyote. Nazi zinaangushwa, zinauzwa, imamu analipwa, taa zinawaka. Lakini ingia msikiti wowote wa pwani Ijumaa, wenye wakfu na usio nao, utakuta sanduku. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida tu. Minazi inazeeka, nyumba ya wakfu inavuja, kodi ya chumba iliyopangwa zamani haitoshi kununua hata bati moja leo. Aliyeweka wakfu alikufa na bei za zama zake.

Sababu ya pili ndiyo inayonihusu. Mutawali mwenye mapato yake hamuhitaji mtu, na msimamizi asiyemuhitaji mtu huanza kusahau kwamba kuna watu. Ugomvi juu ya mali za wakfu si wa jana. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1900, na hapa majuzi, 2022, Bunge limetunga nyingine. Zaidi ya miaka 120 ya sheria, na bado ukikaa barazani Mombasa au Lamu utasikia nyumba ya wakfu imekuwa duka la mtu.

Kwetu nimewahi kumuona mzee akiwazuia watu baada ya swala kwa sababu ya pampu ya maji. Sehemu kubwa ya pesa za ile pampu ilitoka kwa mtu wetu aliye Muscat, ambaye hata hakuwepo. Mzee yeye alikuwa amechanga shilingi hamsini. Akauliza risiti iko wapi, na mbona fundi ni shemeji wa anayeshika pesa. Watu wakacheka, lakini hawakuondoka. Risiti ikaja kubandikwa ukutani. Aliyetoa nyingi hakuuliza, kwa sababu yuko mbali na ana imani. Aliyetoa hamsini ndiye anayechota maji pale kila siku.

Kabla sijaondoka Takaungu, kuna jambo moja zaidi kuhusu mifuko mikubwa inayoonekana haitikisiki. Wakati wa ukoloni ardhi kubwa ya huku iliwekwa chini ya sheria maalumu kama amana ya ukoo wa Mazrui. Mwaka 1989 Bunge likaifuta ile sheria, na kesi zikafuata miaka na miaka. Sisemi amana ile ilikuwa ya haki kwa kila mtu. Kuna familia zilizolima mashamba yale kwa vizazi bila karatasi, na wao wana upande wao, tena una nguvu. Nachosema ni kwamba mali iliyokaa juu ya karatasi moja inaweza kuondolewa na karatasi nyingine, ndani ya kikao kimoja cha Bunge. Kumbukeni hili tutakapofika 2025.

Haya. Upande wa pili wa historia ni michango midogo yenyewe, na hapa lazima tuseme ukweli kwamba michango midogo nayo imetuumiza.

Harambee ilikuwa ni sauti ya watu wanaovuta au kuinua kitu kizito pamoja. Mwaka 1963 ikawa wito wa taifa, na mpaka leo imeandikwa kwenye nembo ya serikali. Na kweli ilifanya kazi. Watu walichanga shilingi, kuku, mawe, mchanga na siku zao za kazi, wakajenga madarasa, zahanati na mabwawa. Kufikia katikati ya miaka ya 70, shule za sekondari zisizopata ruzuku ya serikali, nyingi zikiwa za harambee, zilikuwa zimezipita za serikali kwa idadi. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson waliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1977, na ukikisoma unaona walivyoshangazwa na ukubwa wa jambo lenyewe.

Halafu ikaoza. Iliozaje? Taratibu. Kwanza mkubwa akaanza kualikwa kama mgeni wa heshima, manake yeye anatoa nyingi. Kisha harambee ikawa ni ya mgeni wa heshima: jina lake linatangazwa kwa kipaza sauti, kiasi chake kinashangiliwa, na mia ya mama wa mboga inasomwa mwisho kama haikusahaulika. Kisha chifu akapewa kadi za kuuza, na kadi ya chifu huikatai. Kuna waliokatwa kwenye mshahara. Kuna waliokosa huduma ofisini mpaka waoneshe risiti ya harambee. Mchango ukawa kodi isiyo na bajeti, na aliyeuliza pesa zimefika wapi akaitwa mpinga maendeleo.

Kwa hiyo ukinisikia nasifu mia ya mwananchi usidhani nimeisahau hiyo. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ilimkataza mtumishi kutumia cheo chake kukusanyia harambee. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, ikatangazwa tena kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na wanasiasa katika parokia ya Soweto, likasema zirudishwe. Mimi si Mkatoliki, lakini nililisoma lile tangazo mara mbili. Kanisa lenye mapaa ya kukarabati linamwambia mtu mkubwa chukua pesa zako. Wangeliweza kusema hivyo kama hawakuwa na waumini wanaotoa kidogo kidogo kila Jumapili? Nadhani isingekuwa rahisi. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo hili vizuri: mia nyingi zinampa mtu uwezo wa kukataa milioni moja.

Sasa tuje kwa mashirika.

Kenya ilipata sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya serikali mwaka 1990. Tangu hapo mengi yameishi kwa pesa za nje, na hii si siri wala si dhambi. Mwaka 2013 ikaja pendekezo bungeni kwamba shirika lisipokee kutoka nje zaidi ya asilimia 15 ya bajeti yake. Hoja iliyotolewa ilikuwa ile ile: nani anawalipa. Bunge likaikataa Desemba mwaka huo. Wengi walishangilia, na mimi, ingawa nilikuwa mtoto, ningeshangilia nao, kwa sababu pendekezo lilikuwa la kuyanyonga mashirika ya haki na pamoja nayo zahanati na miradi ya maji. Ila tujiulize kwa nini hoja ilikuwa tamu masikioni mwa watu wa kawaida. Ilikuwa tamu kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Mashirika mengi hayakuwa na mwananchi hata mmoja anayeweza kusimama na kusema, hili ni letu, nalichangia.

Chukua mfano wa pwani. MUHURI ya Mombasa ilianza 1997. Baadaye ikajulikana hata nje ya nchi kwa kufundisha wananchi wa kawaida kukagua pesa za CDF: unachukua orodha ya miradi, unakwenda mpaka kwenye choo cha shule kilichoandikwa kimekamilika, unaangalia kama kipo. Walifanya hivyo Changamwe mwaka 2007, na filamu ikatengenezwa. Ukiona kinamama wanapima ukuta kwa macho huku wameshika karatasi za hesabu, unaelewa kwa nini wakubwa hawakufurahi.

Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilitoa orodha ya watu na taasisi zinazoshukiwa kuhusiana na ugaidi. MUHURI na HAKI Africa zilikuwemo. Akaunti zikafungwa. Juni, Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema hakuna ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, lakini ilibidi kusubiri mpaka Novemba kupata amri ya kufunguliwa akaunti. Hebu fikiria shirika lenye wafanyakazi, kodi ya ofisi na kesi za watu mikononi, halafu huwezi kutoa hata shilingi benki kwa miezi.

Hapa kuna mtego wa kufikiri, na nimeona watu wakiuangukia humu humu mtandaoni. Wanasema: wangekuwa na michango midogo, wangeokoka. Hapana. Akaunti ikifungwa, mia na milioni zinalala ndani pamoja. Mchango mdogo hauna kinga ya benki. Ulichoweza kubadilisha ni mazungumzo ya nje ya benki. Ukiambiwa shirika fulani ni la wageni na la magaidi, na wewe ni fundi wa bodaboda uliyetuma hamsini kwao mwezi uliopita, unajua unaambiwa uongo, tena uongo unaokuhusu wewe. Watu elfu tano wa namna hiyo si rahisi kuwadanganya.

Na tumeliona hilo likitokea. Juni 2024 vijana walijeruhiwa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, wengine waliuawa, na watu wakachanga kwa simu, mamilioni ndani ya siku chache, kwa ajili ya hospitali na mazishi. Julai 18 Wizara ya Mambo ya Nje ikaiandikia barua Ford Foundation ikitaka maelezo ya ruzuku kwa mashirika 16, na madai yakasambaa kwamba maandamano yalifadhiliwa. Ford Foundation ilikana. Lakini kwa kijana wa kawaida, kanusho la Ford halikuwa na uzito mkubwa. Uzito ulikuwa kwenye simu yake mwenyewe: ujumbe wa M-Pesa, "umetuma", shilingi mia mbili, tarehe, saa. Ukimuuliza nani alilipa, alikuwa anakuonesha.

Wacha nieleze sasa kwa nini shirika lenye mamilioni linaweza kuwa halina hata pesa ya kununua kufuli. Wengi hawalijui hili, na wanaolijua hawapendi kulisema. Pesa ya mfadhili mkubwa huja na mistari. Hii ni ya semina 12, hii ni ya chanjo, hii ni ya gari la mradi na gari lisiende kwingine. Ukiwa na milioni 200 zilizofungwa hivyo, na paa la ofisi likang'oka, huna paa. Ukitaka kufuatilia jambo ambalo halikuandikwa kwenye mradi, kwa mfano watu wa kijiji fulani wameamka wamekuta vigingi vya mpaka kwenye mashamba yao, unamwandikia mfadhili na kusubiri robo mwaka. Mia ya mwananchi haina mistari. Ndiyo pesa pekee ambayo mkurugenzi anaweza kuitumia kesho asubuhi kwa jambo lililotokea leo usiku. Kwa hiyo hata kihesabu, laki tatu huru zinaweza kufanya kazi ambayo milioni kumi zilizofungwa haziwezi.

Lakini kukusanya mia nako kuna gharama. Lazima kuwe na mtu wa kuandika, kujibu simu, kutuma risiti. Tena mchangaji mdogo anavutwa na picha. Mwaka 2011 njaa ilipopiga kaskazini, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na kampuni na vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa milioni 500 kwa wiki nne, na likapitwa. Wengi walituma kwa M-Pesa, ambayo ilikuwa na miaka minne tu tangu izinduliwe, na hata aliyekuwa na shilingi kumi alihesabiwa. Ni kati ya mambo mazuri zaidi nchi hii imewahi kufanya. Sasa jaribu kufanya kampeni kama ile kwa ajili ya kulipa mhasibu wa shirika hilo hilo mwezi wa Februari wakati hakuna njaa kwenye televisheni. Hupati kitu. Ndiyo maana mashirika makubwa hutafuta wafadhili, mikataba, hata biashara za pembeni. Huwezi kuyalaumu kabisa.

Na yapo ambayo kwa kweli hayahitaji mia yako, na yakikuomba yanakuchezea. Hapo Kilifi mjini kuna mfano safi. Utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust upo tangu 1989. Wellcome ni mfuko uliotokana na wasia wa Henry Wellcome, aliyefariki 1936: ndiyo wakfu huo huo, bila minazi. Kituo kile kimeshiriki majaribio ya chanjo za malaria, na wafanyakazi wake wanapita nyumba kwa nyumba kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Hawajawahi kutupitishia sanduku, na sawa. Mchango wetu ni mwingine. Ni damu ya mtoto kwenye kichupa, ni mama kukubali kusimama mlangoni kujibu maswali ambayo ameshajibu mwaka jana. Wao wenyewe waligundua kwamba pesa hainunui hilo, ndipo wakaweka wawakilishi wa jamii wa kupokea maswali ya vijijini: damu inapelekwa wapi, mbona mara mbili, majibu tunapewa lini. Ukitaka kujua kama shirika linaheshimu wachangaji wadogo, usiangalie pesa tu. Angalia kama wanaochangia kitu chochote kile wana pa kuulizia.

Nimewaambia mkumbuke 1989. Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai mosi mwaka huo USAID ikafungwa. Mashirika mengi ya afya nchini yalipokea barua za kusimamisha kazi. Mengine yalikuwa yameshiba kabisa mwaka mmoja kabla: magari, ofisi zenye baridi, ripoti za kurasa za kung'aa. Mfadhili alikuwa mmoja, karatasi ilikuwa moja.

Nikasoma maoni mengi ya namna hii: ndiyo maana tunahitaji kujitegemea, tuchange wenyewe. Ni maneno mazuri, lakini tufanye hesabu. Chukua mji wa watu wazima elfu mbili, kila mmoja atoe hamsini kwa mwezi bila kukosa, jambo ambalo halijawahi kutokea popote. Ni laki moja. Utamlipa mhudumu mmoja au wawili, utarekebisha tangi, utanunua glavu. Huwezi kununua dawa za virusi vya ukimwi za kaunti nzima. Hiyo ni kazi ya bajeti ya serikali, yaani ya kodi, na atakayekuambia wananchi wachange ili kuziba pengo la dawa anakurudisha kwenye kadi za chifu. Tena hapa nawasema wa pande zote mbili za mjadala, manake nimewasikia wote.

Kile ambacho ile laki ingefanya ni kidogo zaidi lakini si cha kudharau: kuacha mlango wazi. Kumbakisha mtu mmoja mwenye orodha ya wagonjwa, anayejua nani ameacha dawa na anaishi nyumba gani, mpaka kaunti au mfadhili mwingine afike. Orodha ikipotea, huwezi kuinunua tena hata ukipata milioni mia.

Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 14, 2024. Ndiyo, miaka 11 kabatini, uzi wake tutaufanya siku nyingine. Inayataka mashirika kupeleka taarifa za kila mwaka kwa mamlaka husika. Ni vizuri, lakini taarifa inayokwenda Nairobi si sawa na risiti inayobandikwa ukutani.

Basi ukiombwa mia na shirika unalojua lina wafadhili wakubwa, usiulize kama wanaihitaji. Uliza itaingia wapi: kwenye mfuko ule usio na mistari, au inakwenda kupamba ripoti ili mfadhili aone "ushiriki wa jamii"? Kuna wafadhili wanaotaka kuona jina lako kwenye orodha kuliko wanavyotaka kukusikia. Uliza kama wachangaji wana mkutano, na kama kwenye mkutano kuna muda wa maswali au ni picha na soda. Uliza lini mara ya mwisho waliwahi kukataa pesa ya mtu, na kwa nini. Hili la mwisho huwa linawababaisha sana, na jibu lake linakueleza mengi kuliko ripoti ya mwaka.

Na kwa wale wa upande wa pili, mnaopenda kuuliza nani anawalipa: ni swali halali, endeleeni kuliuliza. Ila muulizeni na mgeni wa heshima wa harambee, anaposhika kipaza sauti na kutangaza milioni mbili kwa kikundi cha kinamama, na mshahara wake sote tunaujua.

Kwenye maoni niandikieni: mji wenu una wakfu, chama au kisima cha kuchangiana ambacho hesabu zake zinasomwa hadharani? Nataka mifano, hasa ya Lamu, Vanga na Mambrui. Uzi ujao ni wa CDF na nani hasa anayeamua darasa lijengwe wapi.